Nani Ameiamuru Iende Polepole? Prosesa, Joto na Mashine Zetu za Muheza

Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, walimu wa TEHAMA na wenye steshenari, Muheza



Niliombwa nizungumzie kompyuta nzito. Naomba niibane mada hiyo, kwa sababu "kompyuta nzito" ni malalamiko mengi yaliyopewa jina moja. Nitashika moja tu: prosesa ya kompyuta ya mezani ambayo kwa maandishi yake inapaswa kwenda gigahezi 3.2, lakini ukiitazama inakwenda 2.0, au 1.1, au 0.8, na haitaki kupanda. Msimamo wangu nautoa mapema ili mpate muda wa kuupinga. Prosesa haipungui kasi kwa uzee. Iliyoharibika hukosea hesabu, huigandisha mashine, au haiwaki kabisa. Ukiikuta inakwenda polepole, jua imeamriwa, na mtoa amri yumo humo humo: joto, waya wa tahadhari kwenye mothabodi, mpangilio wa BIOS, au mpangilio wa Windows. Fundi anayemwambia mteja "hii imezeeka, nunua nyingine" kabla hajamtafuta mtoa amri hajatengeneza kitu. Ameuza.

Tuanze na kasi yenyewe inakotoka. Kwenye mothabodi kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka kwa mwendo usiobadilika. Kutoka hapo hupatikana mapigo ya msingi, ambayo kwa prosesa nyingi za Intel za mezani kuanzia mwaka 2011 ni megahezi 100. Prosesa huyazidisha kwa namba yake: 32 mara 100 ni 3,200, yaani gigahezi 3.2. Msingi unabaki palepale. Kizidisho ndicho kinachopanda na kushuka, tena mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mashine isipokuwa na kazi, kizidisho hushuka, kwenye nyingi hadi 8. Ndiyo maana 0.8 ni namba mtakayokutana nayo sana, na mara nyingi haina ubaya wowote.

Core 2 Duo, ambazo bado zinapiga kazi kwenye ofisi nyingi, zimewagombanisha mafundi na wateja kwa jambo hili hili. E8400 ni ya gigahezi 3.0: mapigo ya msingi 333 mara 9. Ikipumzika hushuka kwenye 6, ikawa 2.0. Mteja anafungua ukurasa wa sifa za kompyuta, anaona 3.00 na pembeni yake namba iliyo karibu na 2, anaondoka na hasira kwamba ameuziwa mbili kwa bei ya tatu. Hakuibiwa. Aliipima mashine ikiwa imelala.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: usiisome kasi kabla hujaipa mashine kazi. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, weka macho kwenye mstari wa kasi. Halafu ichokoze. Programu ya bure ya 7-Zip ina jaribio lake la ndani linaloshughulisha viini vyote, hilo linatosha. Pembeni weka programu ya kusoma joto, na CPU-Z ikuonyeshe jina halisi la prosesa na kizidisho chake. Kisha subiri. Wengi wetu hapa ndipo tunapokosea, kwa sababu tunatazama sekunde tano tunafunga dirisha. Kasi ya dakika ya kwanza si kasi ya dakika ya kumi, na mteja wa steshenari anaishi kwenye dakika ya kumi.

Chukueni mfano wa Core i5-6500, prosesa ya mwaka 2015 iliyojaa kwenye mashine za mtumba. Kasi yake ya msingi ni 3.2, na kazi ikielemea kiini kimoja inaweza kuruka hadi 3.6. Ukianza jaribio ikapanda juu ya 3.2, ikakaa hapo robo saa, haina tatizo; tafuta ugonjwa mahali pengine. Ikianza vizuri, halafu dakika ya tatu ikaanza kuteremka ngazi kwa ngazi huku joto likigota karibu na nyuzi 100, mtoa amri ni joto. Ikiwa imeganda kwenye 0.8 tangu unawasha, mashine ingali baridi kabisa, sahau joto. Hapo kuna waya wa tahadhari au mpangilio. Na ikifika 3.2 bila kuvuka hata kidogo, mara nyingi ni Windows: kwenye mipangilio ya umeme mtu ameweka kikomo cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99. Asilimia moja hiyo tu inazima ule mruko wote. Irudishe 100, kazi imekwisha, na usimtoze mtu hela ya fundi mzima kwa hilo.

Namna kasi inavyoshuka inakuambia uanzie wapi. Nikipewa nafasi ya kuwafundisha vijana wa VETA jambo moja tu, nitachagua hili.

Sasa joto, na hapa nitakaa, kwa sababu kwa Muheza joto ndilo mshitakiwa namba moja.

Mwaka 2001 watu wa tovuti ya Tom's Hardware walifanya jaribio lililotazamwa na mafundi duniani kote: waling'oa hitisinki juu ya prosesa zikiwa katikati ya mchezo wa kompyuta. Athlon za AMD za wakati ule ziliungua. Pentium III ikagandisha mashine. Pentium 4 ikapunguza kasi yake yenyewe, mchezo ukaendelea kwa kusuasua. Watu walicheka Athlon, lakini somo lenyewe lilikuwa kwenye Pentium 4: kupungua kasi ilikuwa kinga iliyofanya kazi yake. Leo prosesa zote zina kinga hiyo, AMD nao wakiwemo. Ndiyo inayoziokoa mashine zetu, na ndiyo tunayoiita ubovu.

Joto hilo hilo ndilo lililosimamisha mbio za gigahezi. Intel walikuwa wameahidi Pentium 4 ya gigahezi 4. Mwaka 2004 walifika 3.8, wakakwama, wakaifuta ile ya 4, na mkuu wao Craig Barrett alipiga magoti jukwaani mbele ya wateja kuomba radhi. Sababu iko kwenye hesabu ndogo: nguvu inayoliwa na prosesa inapanda pamoja na kasi, lakini inapanda kwa mraba wa volti. Ukitaka kasi zaidi unalazimika kuongeza volti, na volti kidogo tu inaleta joto jingi. Kinyume chake ni kweli pia. Prosesa ikishusha kasi hushusha na volti, joto likaporomoka. Ndiyo maana ikizidiwa haina haja ya kuzima. Inarudi nyuma hatua chache, inapumua, inapanda, inarudi tena. Wewe mbele ya kioo unaona kipanya kinakwamakwama.

Basi tuje nyumbani. Mji wa Muheza uko takriban mita 200 juu ya usawa wa bahari, Lushoto takriban 1,400. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hupungua kama nyuzi 6. Kwa hiyo chumba cha Lushoto kina baridi zaidi ya chumba cha hapa kwa nyuzi 7 hivi, siku moja, saa moja. Na hitisinki haina uchawi: inachoweza ni kuiweka prosesa juu ya joto la chumba kwa kiasi fulani. Chumba kikipanda nyuzi 7, prosesa inapanda 7. Mashine inayogota nyuzi 100 hapa Muheza saa nane mchana na kupunguza kasi, kule Lushoto inaishia 93 na inakwenda mwendo wake kamili. Hewa ya mlimani ni nyepesi, kwa hiyo feni inapoza pungufu kidogo, lakini faida ya baridi haiishi. Ndipo unapomkuta fundi wa Lushoto ameandika "nzima", na wa Muheza anaandika "mbovu", kompyuta ileile, na wote wawili wamesema kweli.

Jambo hili lina maana kwa anayenunua. Mashine iliyojaribiwa kwenye duka lenye kiyoyozi Dar es Salaam haijajaribiwa kwa ajili ya kibanda cha mabati karibu na stendi ya Muheza.

Fungueni moja tuangalie. Ondoa ubavu wa kasha. Mashine iliyokaa miaka mitatu sakafuni, mlango ukiwa wazi barabarani, ukiitazama feni kwa juu utaona ni safi kiasi. Mapanga yana vumbi jepesi tu. Usidanganyike. Fungua feni uiondoe juu ya hitisinki. Chini yake, pale hewa inapoingia kati ya mapezi ya aluminiamu, kuna tabaka la vumbi lililoshikana, la rangi ya udongo wetu, ambalo ukiliinua kwa ncha ya bisibisi linatoka zima kama kipande cha blanketi. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, ikipiga kelele, na hewa haipiti. Mwenye duka anakuambia, "Fundi, feni yake inafanya kazi vizuri sana, unaisikia tangu nje." Kelele hiyo ndiyo dalili.

Vumbi hili litolewe kwa brashi laini ya rangi na blowa, feni ukiwa umeishika kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa na upepo wa blowa kupita mwendo wake inaharibu beringi. Na naomba, kwa heshima zote, tuache kupeleka kasha kwa fundi pancha likapulizwe na kompresa. Tenki la kompresa lina maji ndani, hasa kwenye unyevu wa huku chini ya milima, na yale maji yanatoka pamoja na upepo. Mothabodi zimekufa kwa namna hiyo, na kifo kikaandikwa kwa jina la radi.

Baada ya vumbi, pesti. Kati ya prosesa na hitisinki kuna pesti ya kupitisha joto, na ikikauka inakuwa unga. Futa ya zamani yote kwa spiriti, acha pakauke, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, kandamiza. Kuipaka nyingi hakusaidii. Dawa ya meno nayo si pesti: siku mbili za mwanzo inapoza kweli, na ndipo umaarufu wake ulipotoka, halafu maji yake yanakauka na mteja anarudi akiwa na hasira maradufu.

Halafu kuna miguu minne ya plastiki ya feni za Intel zinazokuja na boksi lake. Sijui ni nani aliyeibuni, lakini amewalisha mafundi wengi. Mguu mmoja usipoingia hadi ulie, hitisinki inainama kwa upana wa unywele, na upande mmoja wa prosesa unabaki na hewa badala ya chuma. Kwa macho ya juu huoni kitu. Geuza mothabodi uangalie nyuma: kila mguu lazima ncha zake mbili ziwe zimechanua na kile kipini cheusi kimepita katikati. Ukiona mashine imeanza kupunguza kasi mara baada ya kusafishwa na fundi mwingine, anza na miguu hiyo kabla hujamsema mwenzako.

Tuliache joto. Kuna ile ya 0.8 isiyopanda hata mashine ikiwa baridi, na hii ndiyo inayoitwa uchawi.

Prosesa ina mguu mmoja unaoitwa PROCHOT. Kazi yake ya asili ilikuwa kutangaza kwamba prosesa imepata moto. Baadaye ukafanywa wa pande mbili: vifaa vingine kwenye mothabodi vinaweza kuuvuta, na prosesa ikiona umevutwa inatii bila kuuliza, inashuka hadi chini kabisa. Wanaoweza kuuvuta ni saketi za kulisha umeme wa prosesa zikipata moto, kihisi cha joto kilichokufa, au, na hii nimeikuta zaidi ya mara moja, chaja. Kompyuta ndogo za mezani zenye chaja ya nje kama ya laptopu siku hizi zimejaa, kwa sababu hazichukui nafasi. Nyingi kati ya hizo huwasiliana na chaja yake kupitia waya mwembamba wa katikati kujua ina wati ngapi. Chaja ikiwa ya bandia, au ule waya mwembamba ukikatika shingoni, mashine haijui imeunganishwa na nini, na kwa hadhari inajifunga kwenye mwendo wa chini.

Niliwahi kuletewa moja ya aina hiyo iliyokuwa imeshafomatiwa, ikabadilishiwa RAM na diski, na bado ilikuwa 0.8. Wakati wa kuwaka ilitoa ujumbe kwamba aina ya chaja haikutambuliwa, na mwenyewe alikuwa amezoea kubofya ili uondoke. Tukaazima chaja ya asili, ikaruka hadi kasi yake papo hapo. Wasomeni ujumbe, jamani. Kompyuta ilikuwa inasema ugonjwa wake kila asubuhi.

Zipo programu zinazoweza kuuzima utii huo wa PROCHOT. Najua baadhi yenu mnazo. Zitumie kupima tu: ukiuzima na kasi ikapanda, umethibitisha mtoa amri. Kumwachia mteja mashine imezimwa tahadhari, kwenye joto la Muheza, siwezi kuwashauri.

BIOS nayo. Betri ya duara ya CR2032 ikifa, mipangilio inarudi ya kiwandani kila umeme ukikatika, na saa inarudi miaka ya nyuma. Kwenye mashine za sasa kasi haiathiriki sana. Kwenye za zamani iliathirika kweli. Athlon XP 1700+ ilikuwa megahezi 1,467, yaani 133 mara 11. BIOS ikipoteza kumbukumbu na kurudi kwenye msingi wa 100, mashine ilikuwa 1,100, na hakuna kilichoharibika isipokuwa betri ya bei ya soda. Ukiona saa ya kompyuta inasoma mwaka ambao shule inayoitumia ilikuwa haijajengwa, badilisha betri kwanza.

Na Athlon XP hiyo inatuleta kwenye swali la nani alisema mashine iende kasi gani. AMD mwaka 2001 waliacha kuuza kwa megahezi wakauza kwa namba za kulinganisha: 1800+ ilikwenda 1,533. Wapo wanunuzi walioona wamepunjwa. Leo lipo lalamiko lingine. Core i5-6500 ni 3.2, Core i5-6500T ni 2.5. Herufi moja ya T, yenye maana kwamba prosesa imetengenezwa itumie wati 35 badala ya 65 ili iingie kwenye kasha dogo. Muuzaji anasema "i5 ya sita" na hadanganyi. Mteja anatafuta jina kwenye simu, anaona 3.2, anakuja kwako na malalamiko. Stika ya kasha pia haithibitishi chochote, kwani makasha na prosesa zimeshahamishwa mara nyingi kabla ya kufika Tanga.

Kompyuta zilichelewa kuenea nchini kwetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na Bara tulikaa hivyo hadi miaka ya 1990. Wengi wetu mashine ya kwanza tuliyoigusa ilikuwa tayari imetumika kwa mtu mwingine, nchi nyingine, bila boksi wala kitabu. Kwa hiyo tabia ya kuuliza "hii hasa ni nini?" kabla ya kuuliza "ina nini?" hatukurithi. Tunapaswa kuijenga wenyewe, na CPU-Z inaijenga kwa dakika moja.

Kabla sijamaliza nitaje waliosingiziwa. Umeme mdogo haupunguzi kasi ya prosesa. Najua jioni taa zinafifia, licha ya kuwa mitambo ya Hale iko hapo jirani, na watu wanasema kompyuta nayo imepungukiwa nguvu. Powasaplai ama inashikilia volti zake, ama inaachia na mashine inajizima na kuwaka upya. Stabilaiza itakulindia kifaa, haitakuongezea gigahezi. Na mara nyingi sana prosesa yenyewe ni msafi kabisa: Task Manager inaonyesha prosesa asilimia 5 na diski asilimia 100. Hapo prosesa imekaa inasubiri diski ya kuzunguka, ambayo inatafuta vipande kama mia moja tu kwa sekunde. Weka SSD, mteja atakushukuru kuliko ungemuuzia prosesa mpya.

Ninalowaomba ni dogo. Kwenye risiti zetu tunaandika "servisi ya kompyuta" na bei. Tuongeze mistari michache: jina kamili la prosesa pamoja na herufi yake ya mwisho, kasi baada ya dakika kumi za kazi, joto la juu kabisa, na saa ya siku ulipopima. Andika kabla hujafungua, andika tena baada ya kufunga, kwa kalamu, na nakala umpe mteja. Mwenye duka akikuta namba hazikubadilika, ana haki ya kutolipa.